Cheni ya 12,000 iliyonipasulia kesi ya injini: uzoefu wangu na Honda CG125 ya zamani

Pikipiki yangu ni Honda CG125 niliyoachiwa na mjomba, aliyekuwa akiendea nayo shambani Muheza. Ni kongwe kuliko ndoa yangu. Alfajiri naifuatia samaki Kigombe, matenga mawili nyuma yamefungwa kwa mpira, narudi Tanga mjini kabla soko halijachangamka. Nayasema haya mapema ili ujue cheni ninayoieleza hapa ilibeba nini.

Niliinunua duka moja la spea Ngamiani, shilingi 12,000. Boksi limeandikwa 428 na kweli ilikuwa 428, saizi inayovaliwa na pikipiki nyingi ndogo, ikakaa bila taabu. Muuzaji aliniuliza kama nachukua na sproketi zake, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni mbele na nyuma, nikamjibu za zamani bado zipo. Hapo simsukumii mtu lawama. Meno ya sproketi ya mbele yalikuwa yamelala upande mmoja kama mapezi ya papa, nimeyaona kwa macho yangu, nikajifanya sijayaona kwa sababu seti nzima ilikuwa 38,000.

Mwezi wa kwanza raha tupu. Wa pili nikawa naikaza kila wiki. Kufika wa nne, ukizungusha tairi la nyuma kwa mkono, mahali pamoja cheni inakaza kama kamba ya kuanikia nguo, ukisogeza kidogo inaning'inia. Mimi nilikuwa naikaza pale inapolegea, kumbe pale pengine naivuta mpaka inalia, na beringi ya sproketi ya mbele inaumia kimyakimya. Halafu kuna maji ya samaki. Barafu ikiyeyuka, maji ya chumvi yanadondoka tone tone juu ya cheni njia nzima. Pikipiki hii ilitoka kiwandani na kava la bati linaloifunika cheni yote, juu na chini. Nililing'oa mwenyewe mwaka juzi, eti linapiga kelele.

Ilikatikia Tongoni, kabla sijafika njia panda ya kwenda magofuni. Nilisikia kishindo kama mtu katupa kokoto ndani ya sufuria, tairi la nyuma likakamata, nikaserereka hadi ukingoni. Laiti cheni ingedondoka barabarani. Ilijikunja ikajikusanya yote kwenye sproketi ya mbele, na injini ilivyokuwa bado inazunguka, ikaisukumiza kwenye kesi, lile ganda la aluminiamu la injini. Nilipochutama niliona ufa wa urefu wa kidole gumba, oili inachuruzika taratibu kama asali.

Kijana mmoja wa bodaboda akasimama. “Pole kaka. Loki ninayo, tuunge ufike.” Loki ni kile kiungo cha kuungia cheni, kinachozuiwa na klipu ndogo. Tukaing'oa kwa bisibisi na jiwe, tukaunga. Katika kuokota vipande sikuiona klipu ya loki yangu ya zamani. Nakumbuka dukani waliifunga mdomo wake wazi ukiangalia mbele. Inavyotakiwa, klipu ikiwa upande wa juu, mdomo wazi uangalie nyuma, ili chochote kitakachoigusa kisiisukume ikatoka. Sitaapa kwamba ndiyo iliyoniponza, kwa cheni iliyolika vile ingekatika tu siku yoyote.

Kosa lililonila pesa lilikuja baada ya hapo. Samaki wanaharibika, jua limepanda, nikapiga kiki. Injini hii inabeba oili kama lita moja tu, na nusu ilishabaki Tongoni. Sijafika Mwahako ikaanza kulia, nguvu ikaisha, halafu kimya. Kiki haishuki. Nikaisukuma mpaka kivulini huku nzi wananisindikiza.

Ilipopoa kiki ikashuka, nami nikajipa moyo. Fundi wa kwanza, jirani yetu Makorora, aliniambia hakuna haja ya kupasua injini, ufa unazibwa na gundi ya chuma. Akapangusa kwa kitambaa, akapaka, akajaza oili, akachukua 15,000 yake. Siku nne. Ya tano gundi ilibanduka kama ukoko wa wali, na bomba linatoa moshi wa bluu hata watoto wa mtaani wakanitungia jina. Kazi ile siipendekezi kwa yeyote. Aluminiamu iliyolowa oili miaka yote hiyo, gundi itashika wapi?

Wa pili ni mzee mmoja wa Ngamiani. Nilimwamkia, akaitikia, “Marahaba mwanangu,” kabla hajagusa spana akaniuliza niliendesha umbali gani baada ya oili kumwagika. Nikapunguza kilomita mbili kwa aibu. Akaichukua ile cheni, akainyoosha juu ya benchi na kunipa rula nihesabu viungo 20. Cheni mpya ya 428 hapo inasoma milimita 254. Yeye akiona 259 anaitupa. Yangu ilisoma 262, ina miezi minne tu.

Kisha akafungua. Silinda ilikuwa na mikwaruzo ya kutoka juu kwenda chini, ukipitisha kucha inakwama. Hiyo ikaenda kuchongwa kwenye leizi, mashine ya kuchongea chuma, ikavishwa pistoni iliyozidi nusu milimita. Lakini kazi niliyokaa kuitazama ni ya kesi. Aliipasua injini yote, akaiosha kesi kwa petroli, kila ncha ya ufa akatoboa kitundu kidogo ili ufa usiendelee kutembea. Halafu akaipasha moto. Oili ikatoka ndani ya chuma kama jasho, akaifuta, akapasha tena, ikatoka tena, mara tatu nzima. Ndipo akampa mwenzake aichomelee kwa gesi ya agoni. Iliporudi akaweka msasa juu ya kioo cha dirisha na kuisugua kesi pale gasketi inapokaa, mpaka kukawa sawa.

Kuchomelea 50,000, silinda na pistoni 65,000, beringi, sili na gasketi 30,000, ufundi 60,000. Ongeza seti mpya ya cheni na sproketi zote mbili, 38,000 ile ile niliyoikwepa. Jumla 243,000. Injini ya mtumba ya Kichina, ambayo asili yake ni hii hii ya CG, nilitajiwa 450,000 bila kuruhusiwa kuifungua nione ndani.

Lalamiko langu kwake ni muda. Aliniahidi siku tatu, nikapewa pikipiki siku ya tisa. Wageni wa Tanga ndio waja leo waondoka leo, pikipiki haimo katika hesabu hiyo. Pia gia ya kwanza sasa inaingia kwa kugonga, amesema nimpelekee airekebishe na bado sijapata moyo wa kumwachia tena.

Nimeshatembea zaidi ya kilomita 2,000. Mshono haujatoa hata unyevu, moshi umekwisha, na viungo 20 vinasoma 255. Jioni naifuta cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, naipaka oili ya giaboksi upande wa ndani. Jumapili nazungusha tairi nitafute pale inapokaza kabisa, napima hapo hapo, cheni iwe na mchezo, yaani ulegevu wa kupanda na kushuka, wa sentimita mbili hadi tatu.

Cheni ya 12,000, kama pikipiki yako ni ya kwenda msikitini na kurudi na sproketi zako ni nzima, pengine itakufaa. Kwa matenga ya samaki siichukui hata kwa bure. Mzee wa Ngamiani ningempa nyota nne, ya tano imebaki kwenye zile siku sita.

Kava la cheni nimelirudisha. Nusu ya juu ilikuwa darini. Nusu ya chini niliikuta bandani, kuku wanainywea maji, na mke wangu hakuitoa mpaka nilipomnunulia beseni.