Datsun 240Z na Porsche 911: gereji imenitibua nyongo

Habari za injini na kasi sitazigusa, zimejaa kila mahali. Nina hasira na gereji moja hapa Nairobi inayojinadi kwa magari ya zamani.

Majuzi mimi na binamu yangu tulipeleka magari yetu huko pamoja: langu Datsun 240Z, lake Porsche 911 ya miaka ya sabini. Porsche ikaingizwa kivulini, ikatandikwa kitambaa isikwaruzwe. Langu likaachwa juani kando ya pipa la oili chafu. Nikauliza litashughulikiwa lini. Meneja akajibu bila kunitazama: “Mzee, haka ka-Datsun kapeleke kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Gari ni la Mjerumani.”

Maneno hayo, tena Kenya! Edgar Herrmann alishinda Safari Rally ya 1971 akiendesha nini? 240Z. Na Shekhar Mehta, 1973? 240Z. Porsche 911 ilitoka ya pili 1972, ya pili 1974, ya pili tena 1978. Ndiyo, Björn Waldegård alishinda Safari Classic, mbio za magari ya zamani, ya 2011 kwa 911, na sifa yake simnyimi, lakini enzi zile zenyewe kombe halikwenda Ujerumani kwa gari hilo.

Basi, tukalipa, tukateremka Mai Mahiu kuelekea Naivasha, binamu akaniachia usukani wa Porsche. Injini iko nyuma. Ukiondoa mguu kwenye mafuta katikati ya kona, mkia unataka kukupita. Ukiizoea lakini, kila kokoto unalihisi viganjani. Tamu mno. Datsun haina utamu huo, nasema kweli.

Tuliporudi, kila mtu na gari lake, tukipanda nyuma ya malori, mshale wa joto wa Datsun ukagonga mwisho na mvuke ukafumka chini ya boneti. Nikafungua. Klipu ya paipu ya juu ya rejeta inacheza, skrubu haijakazwa. Paipu mpya, niliyowalipa wao waifunge! Binamu hana rejeta wala maji. Injini yake inapozwa kwa upepo, hakuna paipu ya fundi mzembe kusahau. Pale kando ya barabara nilikubali: Porsche ndilo gari.

Muuza ngozi za kondoo akatuletea dumu la maji. Nikangoja injini ipoe, nikakaza skrubu kwa bisibisi, nikajaza, nikawasha. Iliitika mara moja, ikapanda hadi Limuru bila kukohoa. Gari gani jingine lingenisamehe hivyo? Hapana, nafuta niliyosema. Datsun.

Nilipowapigia simu, meneja akasema Datsun zote huchemka. Zote! Nataka pesa ya paipu irudi, na aniombe radhi mbele ya mafundi wake. Porsche ya binamu nayo haitakwenda tena pale. Hilo ameamua mwenyewe.