Kipimo cha PMS5003 jijini Nairobi: moshi kinauona, vumbi linakipita

Vipimo vingi vya hewa vya bei nafuu, hata vikiwa na majina tofauti juu ya boksi, ndani vina kisanduku kilekile kidogo cha milimita 50 kwa 38 kwa 21: PMS5003 cha kampuni ya Plantower. Watengenezaji wa vipimo PurpleAir wamekitumia, AirGradient wanakitumia, na fundi anayejiundia chake kwa ESP32, kibodi kidogo cha kompyuta, mara nyingi huishia kwa hicho au kwa SDS011, kihisi kingine cha leza. Kwa hiyo anayetaka kununua kipimo cha PM2.5, yaani chembe ndogo sana zinazoelea hewani, Nairobi, kwanza ajue kisanduku hiki kinafanya nini na kinashindwa wapi.

Feni ndogo inavuta hewa na kuipitisha mbele ya mwale wa leza. Chembe zikipita zinatawanya mwanga, na kihisi cha mwanga kilicho pembeni kinausoma. Hakuna kitu kinachopimwa uzito humo. Programu ya ndani ndiyo inayougeuza mwanga kuwa mikrogramu kwa mita ya ujazo, kwa kukisia ukubwa na aina ya chembe zilizopita. Kisio hilo ndilo linaloyumba likifika Nairobi.

PM2.5 ni chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, wakati unywele wa binadamu una kama 50 hadi 70. Lakini jina hilo moja linafunika vitu visivyofanana kabisa. Kuna masizi ya dizeli, meusi, mengi yakiwa chini ya mikromita 0.3. Kuna moshi wa makaa, kuni na takataka, uliojaa kaboni ogania. Kuna udongo unaosagwa na tairi barabarani. Na kuna salfeti na nitreti, ambazo hazikutoka kwenye bomba lolote zikiwa chembe; zilijiunda hewani kutokana na gesi. Utafiti uliokusanya sampuli Nairobi kuanzia Mei 2008 hadi Aprili 2010 ulikuta vumbi la madini na magari vikibeba karibu robo tatu ya PM2.5.

Sasa linganisha na kifaa. Karatasi ya kiwanda inasema kinanasa nusu tu ya chembe za mikromita 0.3, na asilimia 98 kuanzia 0.5 kwenda juu. Chini ya hapo masizi mabichi ya matatu na lori hayahesabiwi ipasavyo, na kwa kuwa ni meusi yanameza sehemu ya mwanga badala ya kuutawanya. Vumbi nalo lina chembe nzito zisizopinda vizuri na mkondo wa hewa, na kwa uzito wake hutawanya mwanga kidogo kuliko moshi. Moshi wa kuni na takataka ni kinyume chake: una ukubwa ambao leza inaupenda, na somo linaweza kufika karibu maradufu ya ukweli. Kwa maneno mengine, vyanzo viwili vikuu vya jiji hili ndivyo kifaa kinavyovipunja, na moshi ndio kinaoupamba. Kibanda kando ya Jogoo Road kinaweza kuonyesha namba ndogo kuliko ukweli, na chumba cha Mukuru chenye jiko la makaa kikaonyesha kubwa kupita kiasi.

Ndiyo maana safu ya PM10 (chembe za hadi mikromita 10) ya kifaa hiki tunashauri isitumiwe kabisa. Namba yake si kipimo cha vumbi zito; ni makisio yanayofuata mwanga wa chembe ndogo. Ukikitundika kando ya barabara ya murram wakati wa kiangazi, PM10 itaonekana imekaribiana na PM2.5, nawe utadhani vumbi si tatizo. Hali kadhalika hesabu za chembe kwa ukubwa, zile sita kuanzia 0.3 hadi 10: zisikudanganye kwamba umepata mgawanyo halisi.

Shida ya pili ni unyevu. Asubuhi za baridi za Julai unyevu hewani Nairobi hupita asilimia 80. Chembe zenye chumvi kama salfeti hunywa maji na kuvimba, zinatawanya mwanga zaidi, na namba inapanda bila moshi kuongezeka. Mashine rasmi za kupimia hewa hukausha hewa kwa hita kabla ya kupima. Hii haina hita. Kilele cha saa moja asubuhi kwa hiyo ni mchanganyiko wa foleni, majiko, hewa baridi iliyotulia chini, na maji. Kihisi cha unyevu ni lazima kiwepo ndani ya boksi.

Marekebisho yanayotumika sana ni ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, kwa vifaa vya PurpleAir: zidisha somo kwa 0.524, toa asilimia ya unyevu mara 0.0862, kisha ongeza 5.75. Somo la 60 kwenye unyevu wa 85 linashuka hadi karibu 30. Hiyo bado ni mara mbili ya kikomo cha WHO cha 15 kwa saa 24, iwapo hali itadumu mchana na usiku. Lakini fomula hiyo ilitengenezwa kwa hewa ya Marekani. Kwa vumbi letu ni mahali pa kuanzia tu. Dawa ya kweli ni kukiweka kifaa kando ya mashine rasmi kwa wiki mbili na kutafuta fomula yako.

Hapo kuna kosa linalorudiwa na mafundi wengi. Kifaa hutuma pakiti ya baiti 32 inayoanza na 0x42 0x4D, na ndani yake PM2.5 imeandikwa mara mbili: safu ya CF=1 ("chembe sanifu"), halafu safu ya "hewa ya nje". Chini ya 30 hivi zinalingana. Juu ya hapo safu ya pili inabanwa hadi karibu theluthi mbili. Fomula ya EPA inataka CF=1. Ukiitumia kwenye safu ya pili umepunguza mara mbili, na siku chafu zaidi ndizo zitakazoonekana safi.

Ufungaji hauna ugumu. Umeme ni volti 4.5 hadi 5.5, kebo ndefu nyembamba ya USB hushusha volti, feni inalegea na namba zinaharibika. Nyaya za data ni za volti 3.3, usizipe 5. Kava la chuma limeunganishwa na hasi, basi lisiguse nyaya nyingine. Elekeza matundu chini, hewa inayotoka isirudi inakoingilia, na usikitundike moja kwa moja chini ya mabati yanayochomwa na jua. Subiri sekunde 30 baada ya feni kuanza ndipo usome. Buibui hupenda tundu la kuingizia hewa: uzi mmoja mbele ya leza unatosha kurusha namba juu. Puliza taratibu kwa pampu ya mpira, usikifungue.

Nini hasa kinachafua hewa yako, kifaa hiki hakitakuambia. Kazi hiyo ni ya vichujio: Teflon kwa uzito na elementi, kwatzi kwa kaboni. Pampu ya lita 16.7 kwa dakika hupitisha mita za ujazo 24 kwa siku, na hewa yenye mikrogramu 30 kwa mita ya ujazo itaacha mikrogramu 720 tu, haijafika miligramu moja. Maabara ikikuta silikoni, alumini na kalsiamu, hilo ni vumbi. Shaba, bariamu na antimoni ni breki. Potasiamu pamoja na levoglukosani ni kuni. Klorini nyingi huashiria plastiki iliyochomwa.

Je, kinunuliwe? Ndiyo, na vinunuliwe viwili. Viweke pamoja wiki moja uone vinavyokubaliana, kisha kimoja kikae barabarani na kingine mitaa miwili nyuma. Kwa saa za kilele, kwa kugundua jirani anayechoma taka usiku, kwa kujua upepo wa dampo la Dandora unafika lini, kinafaa sana kwa bei yake. Kiwanda kinakipa miaka mitatu, na SDS011 hupewa na kiwanda chake saa 8,000, yaani miezi kumi na moja bila kuzimwa. Hewa ya Nairobi ikiwa na vumbi hili, kila baada ya miezi sita kiweke tena kando ya mwenzake, na kikianza kutofautiana naye saa nyingi mfululizo hata baada ya kusafishwa, kibadilishe.