Suji ya chenga na suji laini: uzoefu wangu na upma, dosa, sheera na laddu

Niseme mapema kabisa, kama unanunua suji kwa ajili ya vyakula vya Kihindi vya asubuhi usichukue tu pakiti yoyote, angalia chenga zake kwanza. Mi natumia ya chenga kubwa na ile laini, zote nazipenda sana, ila kila moja ina kazi yake, na ukiipa moja kazi ya mwenzie utaishia kuilaumu suji bure. Kwa ujumla ya chenga naipa nyota tano, laini nne, na sababu nitazisema.

Kwa asiyeijua, suji ni ngano iliyosagwa ikaachiwa chenga bila kufika kuwa unga. Kuna pakiti zinaandikwa suji na zingine rava, zote ni kitu kimoja. Ya chenga kubwa mara nyingi utaikuta kama Bombay rava, ile laini kabisa chiroti rava. Sasa kuna nyingine inaitwa idli rava, hiyo iangalie vizuri maana ni mchele uliovunjwavunjwa, ngano haimo kabisa, na pakiti zinafanana mno. Mapishi yote ninayosema hapa ni ya suji ya ngano.

Naanza na upma, yaani suji ya chumvi inayopikwa na viungo, maana ndo ninayoipika zaidi. Hapa ni chenga kubwa, wala sina mjadala. Kikombe 1 cha suji nakikaanga kavu kwenye moto mdogo, nakoroga bila kuacha dakika 5 hadi 7 mpaka inanukia na chenga zinateleza zenyewe kwenye mwiko, lakini rangi isifike kahawia. Hii hatua watu wengi wanairuka kwa haraka za asubuhi halafu wanashangaa upma imekuwa bonge linalonata, wakati suji iliyokaangwa vizuri inanyonya maji taratibu na kila chenga inabaki peke yake. Kuna pakiti zimeandikwa kabisa kwamba imeshakaangwa, mi bado naipitisha motoni kidogo ili harufu iamke.

Nikishaitoa suji, kwenye sufuria ileile naweka mafuta na kijiko cha samli, mbegu za haradali zinaingia kwanza na nazisubiri mpaka zimalize kupasuka, ndo inafuata urad dali (choroko nyeusi zilizokobolewa) na dengu zilizokobolewa, zikianza kuwa za dhahabu naweka korosho, karipata (majani ya mchuzi), tangawizi, pilipili mbichi na kitunguu. Yaani hizo dali kukwaruza kwaruza kidogo kwenye meno katikati ya suji iliyoiva ndo raha yenyewe ya upma, usiziache. Maji vikombe 2 na nusu kwa kikombe 1 cha suji, ukipenda tepetepe weka 3. Yachemke kwelikweli, na chumvi uionje hapohapo ndani ya maji, iwe imekolea kidogo kuliko unavyotaka mwisho maana suji ikiingia inaimeza. Halafu mkono mmoja unamwaga suji kidogo kidogo mwingine unakoroga, unafunika, moto mdogo dakika 3, unazima na kuiacha itulie hukohuko na mvuke wake. Kotimiri na ndimu ni mwishoni, moto ukishazimwa. Nimeshaijaribu na suji laini pia, inaliwa, lakini inakuwa nzito mdomoni na haiachani.

Rava idli, vile vikeki vya chumvi vya kupikwa kwa mvuke, nayo chenga kubwa. Hii ina historia naipenda, mgahawa wa MTR wa Bengaluru, India, ulioanza mwaka 1924 ndo unaosema uliibuni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mchele ulipoadimika, wakatumia suji badala yake. Na kwa mtu wa nyumbani faida ni kubwa kweli, idli ya kawaida unaloweka mchele na urad, unasaga, unasubiri ichache usiku kucha, wakati hii unachanganya suji iliyokaangwa na mtindi, unaiacha kama nusu saa ivimbe, unatia Eno (ule unga wa tumbo unaotoa povu) wakati maji ya mvuke yameshaanza kuchemka, povu linapanda, unamimina kwenye vyombo vyake chapchap na dakika 10 hadi 12 zimeiva. Eno ikikaa kwenye mchanganyiko muda mrefu hewa inatoka yote na idli zinakuwa ngumu, kwahiyo hiyo ndo ya mwisho siku zote. Ule uchachu mzito wa idli iliyolala hautaupata, mtindi unaleta wa kwake tofauti, ila mi naridhika nao.

Suji laini inapoingia ni kwenye rava dosa, ile chapati nyembamba ya kumimina inayokauka. Kipimo 1 cha suji bila kuikaanga, 1 cha unga wa mchele, robo ya unga mweupe wa ngano, bizari nyembamba, pilipili manga ya kuvunjavunja, tangawizi, na maji mengi mpaka uji uwe mwepesi kama maziwa. Iache dakika 20 hadi 30. Suji inazama chini kila mara kwahiyo unakoroga kabla ya kila upawa, lazima, usipofanya hivyo dosa za mwanzo zinakuwa maji na za mwisho nzito. Kikaango kiwe cha moto sana, unamwaga kutoka juu kuanzia pembeni kuja katikati, na usiisambaze na upawa kama dosa ya kawaida, yale matundu yanajitengeneza yenyewe uji unapogusa chuma. Halafu punguza moto na uwe na subira, inachukua muda kukauka na kulia kra kra.

Tukija kwenye vitamu, sheera, yaani halua ya suji, ndo ya kwanza kujifunza. Kikombe 1 cha suji, 1 cha sukari, samli robo tatu ya kikombe, maji au maziwa ya moto vikombe 2 na nusu. Unakaanga suji ndani ya samli mpaka ibadilike rangi kidogo, unamimina kimiminika taratibu ukiwa umesogea maana inaruka, na sukari inaingia BAADA ya suji kuvimba. Ukitanguliza sukari inashindana na suji kuchukua maji na chenga zinabaki na kiini kigumu. Ukiitia utaona sheera imelegea tena, endelea tu kukoroga, itakaza na samli itaanza kutoka pembeni, hapo weka iliki na zafarani. Kule Maharashtra, jimbo la India, ile ya puja ya Satyanarayan (ibada ya Kihindu) inapikwa na ndizi, na suji, sukari na samli vipimo sawa, tajiri kupindukia lakini tamu ajabu. Jimbo la Karnataka nao wana sahani ya asubuhi inaitwa chow chow bath, upande kesari bath tamu inayofanana na sheera, upande khara bath ambayo ni upma yenye viungo zaidi, na mi naona kula hivyo viwili pamoja ndo namna nzuri kuliko zote ya kula suji.

Laddu, yale madonge matamu ya mviringo, ni suji laini tu. Unaikaanga kwenye samli, shira unaipika mpaka tone likibanwa kati ya vidole linavuta uzi mmoja, unachanganya, unafinyanga mchanganyiko ukiwa bado una joto maana ukipoa kabisa unabomoka mkononi.

Nyota niliyoikata kwa suji laini ni kwa sababu inadai umakini zaidi, inaungua haraka na inashika mabonge usipokuwa macho. Halafu zote mbili zinapata wadudu upesi kwenye joto, kwahiyo nakaanga pakiti nzima, napoza kabisa, naweka kwenye chombo kinachobana vizuri, na ya kukaa sana inaenda friji. Na ni ngano, asiyeweza gluteni asiiguse.

Kama unanunua pakiti moja tu ya kuanzia chukua ya chenga kubwa. Upma na idli zitatoka vizuri, sheera nayo itakubali ukiongeza maji kidogo, dosa na laddu zisubiri mpaka upate laini.