Canon EF 100mm f/2.8L Macro IS USM: lenzi ya nyoka walio nyuma ya kioo

Kabla ya bei, tuulizane umbali. Lenzi hii hupiga kitu kwa ukubwa wake halisi, yaani 1:1, ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye kitu hicho. Wengi hudhani hizo 30 zinaanzia mdomoni mwa lenzi. Sivyo. Zinapimwa kuanzia kwenye sensa, bamba la ndani ya kamera linalopokea picha; mahali pake panaonyeshwa pale juu ya kamera penye alama ya duara iliyopitiwa na mstari. Toa urefu wa lenzi, sentimita 12.3, kisha toa 4.4 za kutoka sensa hadi inapofungwa lenzi. Zinabaki 13 na kidogo.

Hizo 13 ndizo zinazoamua picha. Kwenye bustani za nyoka kama ile ya Makumbusho ya Taifa Nairobi, Bio-Ken ya Watamu au Meserani nje kidogo ya Arusha, mpigapicha hachagui nyoka alale wapi. Akilala sentimita 20 hadi 50 ndani ya kizimba, bandika lenzi kwenye kioo na kazi imeisha nusu. Akijibanza kwenye kioo chenyewe, itabidi urudi nyuma, na hapo ndipo shati lako, dirisha na taa ya korido vinapoingia kwenye picha. Kitambaa cheusi kisichong'aa, kama mita moja kwa moja, chenye tundu la kupitisha lenzi, kinatibu tatizo hilo kuliko kifaa chochote cha dukani.

Hudi (kofia ya mdomo wa lenzi ya kukinga mwanga wa pembeni) inayouzwa kwa lenzi hii, ET-73, iache kwenye begi. Ni ndefu, ni plastiki ngumu, inakula zile sentimita chache ulizo nazo na inachubua vizimba vya plastiki angavu. Nunua hudi ya mpira ya milimita 67, ya kuzungusha. Mpira hulala sawasawa kwenye kioo na kuziba mwanga wa pembeni. Shika kamera ielekee kioo moja kwa moja. Ukiipinda, kioo kinene kinatoa kivuli cha pili cha kila gamba, na hakuna programu ya kompyuta itakayokiondoa vizuri.

Filta ya polaraiza, ile ya kupunguza mng'ao? Hapa watu wanapoteza pesa. Ukiwa umekielekea kioo moja kwa moja haiondoi mng'ao wake hata kidogo. Nguvu yake inaonekana ukipiga kwa mshazari. Halafu inakula stopu moja na nusu hadi mbili za mwanga (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu). Faida yake kwa nyoka ni nyingine: inapunguza weupe unaong'aa juu ya magamba ya chatu aliyetoka kujivua, na rangi za chini zinajitokeza.

Fokasi ya lenzi hii ni ya haraka na kimya, ila mbele ya kioo chenye vumbi inayumba kwenda na kurudi. Dawa yake ni ile swichi ya ubavuni yenye hatua 3, inayowekea fokasi mipaka ya umbali. Nyoka akiwa zaidi ya sentimita 33 kutoka mdomoni mwa lenzi, yaani nusu mita kutoka kwenye sensa, weka 0.5m hadi mwisho, na lenzi haitahangaika tena na kioo. Akiwa karibu zaidi weka 0.3 hadi 0.5. Kwa 1:1 afadhali uzungushe kwa mkono na kusogeza mwili wako taratibu.

Kwenye kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linalotoka kali, hakuna huruma. Kwa sensa kubwa, tundu la lenzi la f/11 (namba ya f ikikua, tundu linakuwa dogo) kwenye 1:1 inakupa kama milimita 1.3 tu: jicho litakuwa kali, pua imeyeyuka. Kwenye nusu ya ukubwa unapata karibu milimita 4, na kwenye robo kama 13, ambazo zinatosha kichwa cha kifutu kilichogeuka ubavu. Kwa hiyo picha nyingi nzuri za kichwa hupigwa robo, siyo 1:1. Ukubwa halisi uuweke kwa jicho pekee, au vishimo vya joto mdomoni mwa chatu. Usikimbilie f/22: ukiwa karibu hivyo mwanga unatawanyika na picha nzima inalegea.

Kuna sababu nyingine ya kuliacha tundu lisiwe dogo mno. Kizimba cha swila anayetema, mfano Naja ashei, aliyepewa jina hilo 2007 kwa heshima ya James Ashe, mwanzilishi wa Bio-Ken, mara nyingi kina matone ya sumu yaliyokauka upande wa ndani wa kioo. Huwezi kuyafuta. Lenzi ikiwa imebandikwa kioo, f/8 inayayeyusha yasionekane; f/16 inayarudisha kama madoa ya kijivu.

Kizuia mtikisiko kinasaidia kweli, takriban stopu 4 ukiwa mbali na 2 ukifika 1:1. Kinatuliza mkono wako lakini hakimtulizi nyoka. Mbavu zinapanda na kushuka kwa pumzi, na ulimi unatoka ghafla. Ulimi unataka kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde kwenda juu. Chini ya taa za mirija za kizamani rudi 1/100 au 1/50, la sivyo michirizi ya giza inapita kwenye picha, kwa kuwa umeme wetu wa 50Hz unaziwasha na kuzififisha mara 100 kwa sekunde.

Flashi omba ruhusa kwanza. Ukikubaliwa, isikae juu ya kamera. Ishike pembeni, mdomo wake ukigusa kioo kwa mshazari, na mbele yake karatasi nyeupe au plastiki ya chupa ya maziwa. Nyoka hana kope za kufumba, hivyo mwanga uwe laini na mapigo yawe machache. Jicho likiwa limepata utando wa maziwa, anakaribia kujivua: muache, rudi baada ya wiki moja au mbili.

Bila kioo, kwa kifutu au koboko, zile sentimita 13 zisahau kabisa. Awepo mtunzaji mwenye fimbo ya ndoano, nawe ukae mbali kuliko nyoka anavyofikia akiruka. Kwa kifutu wa kawaida, ukiwa mita moja na nusu fremu bado inammeza mzima akiwa amejikunja, na kichwa unakikata baadaye kwenye kompyuta. Anayefanya kazi hiyo mara kwa mara atazame EF 180mm f/3.5L Macro, inayotoa karibu sentimita 25 kwenye 1:1. Ni nzito, kilo 1.09 dhidi ya gramu 625, haina kizuia mtikisiko na fokasi yake ni ya kujivuta, lakini nafasi ni nafasi.

Lenzi hii ni ya 2009, kwa hiyo ya mtumba ndiyo yenye maana kibei, na kwenye kamera za Canon za EOS R inafanya kazi vizuri kwa adapta. Ukikagua moja, hasa iliyokaa Mombasa au Dar, imulike kwa tochi kutoka nyuma: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, usinunue. Kizuia mtikisiko kikikwaruza kwa sauti na picha kuruka kwenye kitazamio, hiyo pia iache hapo hapo mezani.