Kadi za "get" za wanafunzi wa Kithai: miezi minne nazitumia, uzoefu wangu

Kwanza niseme mapema, mimi si wa kampuni na hakuna mtu kanilipa. Hili boksi la kadi za kufundishia kitenzi cha Kiingereza "get" nimelinunua kwa hela yangu, baht 450 na usafiri juu, na jina la watengenezaji sitalitaja manake nina malalamiko nao mawili matatu na sitaki kumharibia mtu biashara. Mimi ni wa Mombasa, nafundisha Kiingereza huku Chiang Mai kaskazini mwa Thailand, darasa la jioni, watu wazima tisa, kila mtu anatoka kazini kwake amechoka. Kuna dereva wa zile pikapu nyekundu za abiria, kuna wasichana wawili wa mapokezi hotelini, kuna mama mmoja muuza tambi ambaye sote tunamwita paa, yani kama sisi tunavyosema mama mkubwa.

Na katika kufundisha kwangu kote hakuna kitenzi kilichonitoa jasho kama "get". Watu hudhani maneno marefu ndo magumu, wapi! Neno refu mara nyingi lina maana moja, mtu akilikariri basi limekwisha. Sasa hili la herufi tatu, asubuhi mtu ana"get up", ana"get dressed", ana"get on" basi, ana"get to work", mchana ana"get tired", mwisho wa mwezi ana"get paid", jioni ana"get home", na ukimweleza kitu kikampita anakwambia "I don't get it". Hebu hesabu kwa Kiswahili: kuamka, kuvaa, kupanda, kufika, kuchoka, kulipwa, kurudi, kuelewa. Vitenzi vinane vyote vimebebwa na kimoja! Ndo tabia ya Kiingereza hiyo, vijineno vifupi ndo vinabeba mzigo mzima, hata ile kamusi kubwa ya Oxford toleo la 1989 neno lililokula kurasa nyingi kuliko yote ni "set", maana kama 430, nayo ni herufi tatu vilevile.

Sasa shida ya Mthai inaanzia hapa. Akifungua kamusi kwa simu akaandika "get", anaambiwa ni dai. Ni kweli, dai ni kupata. Lakini dai yenyewe ni neno la ajabu, ikikaa mbele ya kitenzi ina maana yake na ikikaa nyuma inabadilika. Ukisema mai dai kin ni "sikula", ukisema kin mai dai ni "siwezi kula", maneno ni yaleyale matatu, umebadilisha mpangilio tu. Kwa hiyo mtu anakuja darasani ana "get" kichwani ambayo nusu ni kupata na nusu ni kuweza, alafu mimi nimwambie "get angry" ni kukasirika, lazima aniangalie tu. Anaona amepata hasira kutoka wapi?

Vitabu nilivyotumia mwanzo vyote vilikuwa vinapanga kwa upande wa Kiingereza, maana ya kwanza, ya pili, ya tatu mpaka ya ishirini. Nilikuwa nawapa karatasi ile, wanaikariri vizuri sana, Wathai ni watu wa kukariri hawana mchezo, wiki ijayo imeyeyuka yote.

Hizi kadi zimegeuza upande. Zimepangwa kwa Kithai. Yani mtu aliyezitengeneza alikaa chini akajiuliza huyu Mthai tayari anasema nini kinywani kwake, alafu "get" inaingilia wapi. Na hapo ndo nilipozipenda kwa dhati.

Fungu bora kuliko yote ni lile la mishale. Kithai wana maneno mawili, khuen ni kupanda juu na long ni kushuka chini. Ukipanda basi ni khuen rot, ukishuka ni long rot, hapo sawa na sisi kabisa. Lakini wanayatumia pia kusema kitu kinabadilika hali. Mtu akinenepa ni uan khuen, mnene-panda. Akikonda ni phoom long, mwembamba-shuka. Mgonjwa akipata nafuu ni dii khuen, nzuri-panda, akizidiwa ni yae long, mbaya-shuka. Giza likiingia ni muet long, linashuka. Sasa kadi ina mshale wa kijani unaoenda juu, chini yake imeandikwa dii khuen kwa herufi za Kithai, ukiigeuza nyuma "get better". Mshale wa bluu wa kushuka, muet long, nyuma "get dark". Kadi kama 20 hivi za namna hiyo, na mwanafunzi anagundua mwenyewe bila mimi kufungua mdomo kwamba palepale anapoweka khuen au long baada ya sifa, Mwingereza anaweka "get" mbele yake. Basi. Hiyo tu.

Nakumbuka jioni ya kwanza nilipozitandaza mezani. Paa alichukua kadi ya phaeng khuen, bei kupanda, akaigeuza, akasoma polepole "get expensive", akairudisha upande wa mshale, akaigeuza tena. Alafu akaangalia nje kwenye mtaa pale anapouza, akasema kwa sauti "pork get expensive", akanyamaza kidogo, "egg get expensive", "gas get expensive, khruu!" Khruu ndo mwalimu. Ningemsahihisha "is getting" lakini sikutaka kumkata, manake huyu mama miezi miwili nzima alikuwa anasema "price up up". Wenzake wakaanza kumpa maneno na yeye anayatia "get" moja baada ya nyingine, na hakukosea hata moja.

Na mimi kama Mswahili nilifaidi kivyangu, kwa sababu sisi hii kazi tunaimaliza ndani ya kitenzi chenyewe, kuzeeka, kulewa, kuchafuka, kulowa, kuchelewa, hatuhitaji neno la pembeni. Mthai anaiweka nyuma, Mwingereza anaiweka mbele, sisi tumeimeza. Nimefundisha miaka na sijawahi kuliona hilo hadi niliposhika hizi kadi mkononi.

Fungu la pili nililolipenda ni la kuelewa. Vijana wa Kithai tayari wanalo "get" kwenye mazungumzo yao, wanaulizana get mai?, yani umeelewa?, na asiyeelewa anasema mai get. Sawasawa na kwetu Kenya kijana anavyokuuliza umeget? Basi kadi inaanza na hilo ambalo kijana analijua, alafu inamuonyesha kwamba "I get it" ni khao jai, neno lao la siku zote la kuelewa, ambalo ukilivunja khao ni kuingia na jai ni moyo. Kimeingia moyoni. Kuna mchoro mdogo wa mlango na moyo, umechorwa vizuri, wale wasichana wa hotelini wakaupiga picha wote wawili.

Sasa malalamiko.

La kwanza sauti. Kila kadi ina kikodi cha kuskani kwa simu usikilize matamshi, na anayesoma anaenda mbio mno. Mthai herufi ya mwisho ya neno haiachii, anaifunga tu mdomoni, kwa hiyo "get" ikiwa peke yake anaitamka poa, lakini "get up" na "get on" zinaungana, t inaruka kwenda kwenye neno linalofuata, na hapo anahitaji asikie polepole mara mbili tatu. Hakuna pa kupunguza kasi. Nimeishia kuwarekodia mwenyewe kwa simu yangu.

La pili, hakuna hata kadi moja ya "get my hair cut". Hili ni pengo kubwa na sielewi limepitaje. Mthai akitoka kinyozi anasema pai tat phom maa, nimetoka kukata nywele, na Kiingereza chake kinatoka "I cut my hair". Mzungu anayemsikiliza anamuona ameshika mkasi mbele ya kioo. Sisi tungesema nimenyolewa, nimesukwa, mambo yamekwisha, lakini wao kitenzi chao hakibadiliki umbo, kwa hiyo kadi ya hapo ndo ilihitajika kuliko hata zile kadi 6 za "get" na hali ya hewa.

La tatu ndo lililoniuma kweli. Kadi namba 31 imeandikwa dai pai, yani nilipata nafasi ya kwenda, nyuma "I got to go". Hilo ni sahihi. Lakini chini yake kwa herufi ndogo wameongeza "I've got to go" kama vile ni kitu kimoja. Si kimoja jamani! Hiyo ya pili ni lazima niende, Kithai ni tong pai, neno jingine kabisa. Mwanafunzi wangu yule dereva aliisoma hivyo hivyo akaiamini, na siku moja akanitumia meseji saa tano usiku, "I've got to go hospital with my mother". Nikashtuka, nikampigia simu pale pale, moyo unanienda mbio, kumbe mama yake alikuwa amelazwa wiki nzima hawaruhusu wageni, na siku hiyo ndo wamemruhusu aingie amuone, na alikuwa anaendelea vizuri. Alikuwa ananipa habari njema. Mtu kaandika furaha yake, mimi nimeisoma msiba, kwa sababu ya mstari mmoja wa kadi. Hilo siwezi kulipita kimya.

Mengine ni madogo. Herufi za Kithai ni ndogo kwa mtu wa umri wa paa, anazisogeza hadi kwenye taa. Kadi zenyewe ni ngumu, zimepakwa plastiki, msimu wa mvua wote zimekaa kwenye begi langu na hazijajikunja. Boksi lenyewe ndo limechanika kona wiki ya pili, natumia kontena ya chakula.

Kwa nyota naipa 4. Ningeipa 5 kama si hiyo namba 31. Kama unafundisha Wathai, au una mwenzako wa Kithai nyumbani anajifunza, nunua, lakini anza na fungu la mishale, usianze kwa mpangilio wa namba kama walivyoandika kwenye karatasi ya maelekezo, manake namba 1 mpaka 12 ni "get a letter", "get a present", mambo ya kupokea ambayo hata kwa dai ya kamusi mtu angeyapata. Na kama darasa lako lina madereva, jiandae kwa swali la "get in" na "get on", wao yote ni khuen rot, na kadi inatoa kanuni nzuri tu, gari unaloweza kusimama ukatembea ndani ni "on", teksi ni "in", pikipiki ni "on". Lakini pikapu ya benchi mbili nyuma haimo kwenye kadi, na darasani kwangu walibishana nusu saa nzima, na dereva mwenyewe ndo alisema "get on", kwa sababu abiria wake wengine wanasimama pale nyuma wameshika bomba. Tukaandika hivyo.

Namba 31 nimeikata kwa mkasi chini, nimebakisha mstari wa juu tu, na ya tong pai nimetengeneza mwenyewe kwa kadi ya manila, herufi kubwa. Kampuni nimewaandikia mara mbili. Wakijibu nitarudi kuongeza hapa.