Shemeji, karata ya Yona na seti ya kiinimacho cha poka: miezi minne baadaye

Nianze na shemeji yangu, maana yeye ndiye aliyeliona tatizo la seti hii kabla yangu mimi niliyeinunua. Ni karata za kiinimacho zinazokuwezesha kula kila raundi ya poka, mchezo ambamo kila mmoja hupata mkono wa karata tano na mkono wenye nguvu zaidi ndio unaoshinda.

Ilikuwa raundi ya tatu. Watu watano mezani, karata kumi zimegawanywa, tano kwake na tano kwangu. Nikafunua zangu: mabibi watatu, mfalme mmoja, ghulamu mmoja. Nikasema, "Pole shemeji, nimekula tena." Akazitazama zangu, akazitazama zake. "Umekula nini? Mimi nina wafalme wawili na maghulamu wawili. Zangu zimepatana nne, zako tatu. Nne na tatu, ipi kubwa?"

Meza nzima ikacheka, na wote walikuwa upande wake. Kwa sheria za poka mshindi nilikuwa mimi, kwa sababu tatu za aina moja hupiga jozi mbili. Lakini dakika mbili zilizofuata nilizitumia kutetea ushindi wangu kama mtu aliyeshtakiwa, na nilipomaliza kueleza hakuna aliyekuwa anashangaa tena. Kiinimacho kilikuwa kimekufa mikononi mwangu na hakuna hata mmoja aliyegundua siri yake.

Sasa nieleze kilichomo. Ndani ya kiboksi kuna karata 16: kumi za kuchezea raundi, tano za kumalizia, na moja ya akiba. Kuna kijitabu cha kurasa 24 na anwani ya video ya mafunzo. Karata ni za ukubwa wa poka, milimita 63 kwa 88, pana kidogo kuliko zile za briji, mchezo mwingine wa karata. Karatasi yake ni nzuri, inateleza vizuri na haikunjiki ovyo. Kuhusu rangi ya migongo yake nina neno, litakuja.

Kanuni iliyo ndani si mali ya mtengenezaji. Imo vitabuni tangu zamani, kwa hiyo sivunji kiapo cha mtu nikiitaja. Karata tisa zimekwenda tatu tatu: wafalme watatu, mabibi watatu, maghulamu watatu. Ya kumi iko peke yake, haina mwenzake. Kwenye seti hii ni tisa ya pau. Wanamazingaombwe huiita karata ya Yona, kwa jina la yule nabii aliyepanda chombo akawaletea mabaharia dhoruba. Changanya utakavyo, gawa utakavyo, mwenye Yona mkononi hali, yaani hashindi kamwe. Kazi yako wewe ni kujua Yona iko wapi na kuhakikisha inaishia kwa mwenzako. Namna ya kuijua ndiyo siri wanayoiuza, na hiyo naiacha kwao.

Kazi yangu ya kila siku ni hesabu za ghala, kwa hiyo sikuweza kuamini neno "hali" bila kulipigia kalamu. Asiye na Yona anapata karata zake tano kutoka kwenye zile tisa, na njia za kuzipata ni 126. Katika njia 81 atakuwa na jozi mbili na mwenzake jozi moja. Katika 27 atakuwa na tatu za aina moja na mwenzake jozi mbili. Katika 18 zilizobaki atakuwa na fuli hausi, yaani tatu na mbili, na mwenzake tatu tu. Jumla yake 126, na hakuna hata moja inayomwokoa mwenye Yona. Nilipoiona hesabu inafunga vile nilifurahi peke yangu jikoni usiku, nikasahau hata kwamba nimenunua kitu cha kuwachezea watu.

Lakini tazama zile 27. Hizo ndizo za shemeji. Ni karibu moja katika kila raundi tano, na kijitabu kinakutaka ucheze raundi nne. Karata zikichangwa sawasawa, uwezekano wa kukutana na ubishi ule angalau mara moja katika onyesho moja ni kama asilimia 62. Wachezaji wa poka hawataona shida yoyote. Watu wengine wote, na hao ndio wengi kwenye meza yoyote ya nyumbani au ya kazini, wamezoea michezo ya turufu, ambamo karata moja kubwa inameza ndogo na mambo yamekwisha. Ukiwaambia tatu inashinda nne, wanakuona tapeli. Na kiboksi kimeandikwa juu kabisa kwamba kinafaa "kwa watazamaji wowote". Kijitabu kina kurasa 24, na mpangilio wa nguvu za mikono ya poka umetajwa kwa mstari mmoja tu, ukurasa wa 3, kama vile kila mtu alizaliwa anaujua.

Dawa niliyoipata ni rahisi mno hata naona haya kuiita dawa. Nimeandika ngazi ya mikono kwenye kadi ndogo, kuanzia jozi moja hadi mfululizo wa kifalme, ulio mkubwa kuliko yote. Kabla sijagusa karata, nampa mmoja wa watazamaji ambaye hachezi, nasema, "Wewe ndiye refa." Yeye ndiye anayesoma na kutangaza aliyekula, mimi sitii neno. Ubishi ukitokea wanabishana na refa, na refa ana karatasi. Tangu hapo nimeicheza mbele ya watu zaidi ya mara 30 na sijapata tena wakili wa upande wa pili.

Badiliko la pili lilinichukua muda zaidi kuliona. Mtengenezaji amechagua wafalme, mabibi na maghulamu kwa sababu ni karata za picha, zinapendeza. Zinapendeza kweli, ila kwa mtu asiyeshika karata mara kwa mara, ghulamu na mfalme ni vijana wawili wa sura moja na nguo moja. Nimemwona mzee mmoja akihesabu wafalme wanne mkononi mwake wakati seti nzima ina watatu. Nikabadilisha: ree tatu, saba tatu, tatu tatu. Ukiwa upande wa pili wa meza, alama moja, alama saba na alama tatu zinajitenga zenyewe. Watu wanaona kilichopatana kabla refa hajafungua kinywa.

Hapo ndipo rangi ya migongo inapoingia. Ree na saba na tatu nilizitoa kwenye karata zangu za kawaida, zenye mgongo mwekundu. Maelezo ya bidhaa yanadai migongo inalingana. Mchoro unalingana, wekundu haulingani. Wa kwao umefifia, umekaa kama nguo iliyoanikwa juani wiki nzima. Chini ya taa ya njano huoni kitu, lakini dirishani mchana Yona inajitangaza yenyewe kati ya wenzake. Kiinimacho ambacho siri yake inaonekana na mtoto aliyekaa karibu na dirisha hakiwezi kuchezwa mchana.

Kuna jingine dogo linalotuhusu sisi mashoto. Alama za pembeni zimechapwa pembe mbili tu, juu kushoto na chini kulia. Anayetumia mkono wa kulia akizitandaza kama upepeo, alama zote zinaonekana. Mimi nikizitandaza kwa mkono wangu wa kawaida, naona ukingo mweupe mtupu. Karata nyingi duniani ziko hivyo na nimezoea, lakini hawa wanatengeneza karata za kuonyeshwa watu. Pembe nne zingewagharimu nini? Na mwalimu wa kwenye video hataji mashoto hata mara moja. Ilinibidi niitazame kupitia kioo cha kabati la nguo, simu mkono mmoja, karata mkono mwingine.

Vinginevyo video ni nzuri. Mwalimu anafundisha polepole, anarudia, na ana raundi moja, ya tatu, ambayo ni tamu kuliko pesa niliyotoa. Katika raundi hiyo mtazamaji anachanga mwenyewe, anachagua mwenyewe karata ipi ije kwake na ipi iende kwako, na bado anashindwa. Hapo ndipo watu hunyanyua vichwa. Ukurasa wa 9 hadi wa 14 unaeleza maneno ya kusema wakati mtazamaji anachagua, na maneno hayo ndiyo kiinimacho chenyewe, mikono haifanyi karibu chochote.

Hadithi wanayoipachika mwanzoni sikuipenda. Ni ile ya Wild Bill Hickok, mpiga bastola maarufu wa Marekani, aliyepigwa risasi kwa nyuma akiwa mezani anacheza poka katika mji wa Deadwood tarehe 2 Agosti 1876, na inasimuliwa kwamba mkononi alikuwa na ree mbili na nane mbili, zote nyeusi. Kwa wapenzi wa poka ni hadithi inayosisimua. Nilipoisimulia kwa wafanyakazi wenzangu wakati wa mapumziko, swali la kwanza lilikuwa Hickok ni nani, la pili kwa nini aliuawa, na nikajikuta nafundisha historia ya Marekani huku karata zimelala. Nimeitupa. Siku hizi namtaja Yona na jahazi lake baada ya raundi ya pili, bila kusema ni karata ipi, na watu wanaanza kuitafuta Yona wao wenyewe. Wanaitafuta kwa bidii na wanakosea kila mara.

Neno kuhusu kushindwa. Kijitabu kinataka mtazamaji yuleyule apigwe raundi zote nne. Jaribu kumfanyia hivyo mtu mbele ya mkewe uone atakavyokutazama. Mimi Yona naipokea mwenyewe raundi mbili za mwanzo, nashindwa, nalalamika, nabadilishana kiti na mtu. Halafu naanza kula. Na tunachezea vifungo vya nguo, si fedha. Ukijua mshindi kabla ya kugawa na bado ukachukua hela ya mtu, huo ni wizi, haijalishi mmecheka kiasi gani.

Mwisho wa onyesho ni zile karata tano za ziada: kumi, ghulamu, bibi, mfalme na ree, zote shupaza, yaani mfululizo wa kifalme, zinazotokea mahali ambapo hazikuwepo. Zinahitaji meza. Nilijaribu mara mbili nikiwa nimesimama, na mara ya pili bibi wa shupaza alianguka kwenye kiatu cha mtu. Ukiwa na meza inafanya kazi, ila asiyejua poka hupiga makofi ya adabu tu. Kwa hiyo namwambia refa asome nilichoandika nyuma ya kadi yake: mikono ya karata tano inayowezekana ni 2,598,960, na kama huu ipo minne tu, yaani mmoja katika kila 649,740. Ukigawiwa mkono mmoja kila dakika, usiku na mchana bila kulala, tarajia kusubiri kama siku 451. Zile siku 451 ndizo zinazowafikia.

Yona yangu ilikatika ukingo mwezi wa tatu, na ile ya akiba ikamwagiwa chai. Niliwaandikia waliotengeneza nikiomba moja ya kubadilishia. Jibu lilikuwa ninunue seti nzima tena. Sikununua. Nimejitengenezea yangu kutoka kwenye karata za kawaida za nyumbani, mgongo mwekundu sawa na wenzake, na sasa naweza kukaa dirishani.

Nyota tatu kati ya tano, na karibu zote ni za video na za kurasa zile sita. Anayecheza na wapenzi wa poka aongeze ya nne.