Nguo za baridi za kwenda Ulaya: pesa ianzie miguuni

Mtu akipata safari ya Berlin mwezi wa Januari, jambo la kwanza kuzungumzwa nyumbani ni koti. Mjomba ana lake la zamani, rafiki ameona jingine zito pale soko la mitumba la Karume, na bajeti yote inaishia hapo. Msafiri anatua na koti la maana, raba za wavu na fulana ya pamba, na kufikia siku ya pili hataki tena kutoka hotelini. Ushauri wangu ni kuugeuza mpangilio huo. Pesa ianzie miguuni, ifuate nguo inayogusa ngozi, na koti lije la tatu.

Tuanze na baridi yenyewe. Januari, mchana wa Berlin hufika nyuzi 3 hivi za Selsiasi, na usiku mara nyingi hushuka chini ya sifuri. Likipita wimbi la baridi, hushuka hadi 10 chini ya sifuri. Theluji haianguki kila siku. Kinachochosha ni unyevu: rasharasha, theluji iliyoyeyuka nusu ikawa tope jeusi kando ya barabara, na upepo unaokupiga ukisubiri tramu. Mwanzoni mwa mwezi jua huzama saa kumi na dakika chache jioni, kwa hiyo nusu ya matembezi yako yatakuwa gizani.

Ila ndani kuna joto. Hotelini, madukani na kwenye makumbusho unaweza kukaa na fulana tu, na ndani ya treni iliyojaa watu utafungua zipu mwenyewe. Msafiri wa mjini huingia na kutoka mara nyingi kwa siku. Ukivaa sweta moja zito sana chini ya koti, utatoka jasho dukani, kisha jasho hilo litapoa mwilini ukifika nje, na hapo ndipo watu wanapotetemeka. Nunua nguo kadhaa nyepesi zinazovaliwa moja juu ya nyingine na kuvuliwa upesi.

1. Viatu

Hapa usibane pesa. Ukisimama kituoni dakika kumi juu ya zege lililopoa, joto la mwili linapotea kupitia soli. Kiatu kinachofaa hakipitishi maji, kina soli nene ya mpira laini yenye meno, na kinaacha nafasi ya vidole kucheza. Hilo la mwisho wengi hulipuuza. Soksi nene ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu kuzunguka vizuri, na mguu unapoa kuliko ungekuwa na soksi nyembamba. Jaribu kiatu ukiwa na soksi zile zile za safari. Mara nyingi utaongeza nusu namba au namba nzima.

Chaguo langu la kwanza ni buti za kupandia milima, zile fupi zinazopita kifundo cha mguu kidogo, zenye utando wa ndani unaozuia maji. Gore-Tex ndio utando unaojulikana zaidi, lakini hata kampuni zenye utando wao wenyewe zinatosha kwa lami ya mjini. Chagua nyeusi au kahawia iliyokolea. Zitakubali jinzi na hata suruali ya kitambaa. Decathlon, maduka ya vifaa vya michezo, wana buti za theluji zinazouzwa chini ya euro 60, na kwa safari ya wiki moja sioni haja ya kupita hapo.

La pili ni buti za ngozi za kawaida zenye soli ya mpira, uzipake nta siku mbili kabla ya kuondoka na kuweka ndani soli laini ya sufu. Raba za ngozi zinafaa ukikosa vyote hivyo na hali ya hewa ikiwa kavu. Raba za wavu ziache nyumbani. Viatu vya ofisini vyenye soli ya ngozi vikae kwenye begi mpaka uingie ukumbini, kwa sababu juu ya barafu havishiki kabisa.

Na hapa niseme wazi: mimi ni mpenzi wa mitumba, lakini buti za baridi sishauri zinunuliwe huko bila kuzikagua sana. Buti nyingi zina tabaka la povu la poliyurethani katikati ya soli, na povu hilo huoza kwa umri hata kama kiatu hakijavaliwa. Kwa nje ngozi inang'aa, kumbe ndani limeshakuwa unga. Ukiwa sokoni, kunja kiatu kwa nguvu mara kadhaa, kisha bonyeza povu kwa kidole gumba pembeni mwa kisigino. Likidondosha chembe au likibaki na shimo, rudisha kiatu kwa muuzaji. Soli inayobanduka Alexanderplatz, katikati ya Berlin, jioni itakugharimu buti mpya kwa bei ya duka utakaloliona kwanza.

Soksi ni sehemu ya kiatu. Jozi tatu zenye sufu nyingi zinatosha wiki nzima. Soksi za pamba hushika jasho, na mguu uliolowa haupati joto tena.

2. Nguo za ndani

Fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana ya ndani, seti mbili. Kwa uzito mdogo unaobeba, hakuna ununuzi mwingine unaokupa joto kama huu.

Namba moja ni sufu ya kondoo aina ya merino. Haiwashi kama sufu ya kawaida, inaweza kunyonya mvuke wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, na unaivaa siku tatu bila harufu. Tatizo ni bei. Namba mbili ni vitambaa vyembamba vya sintetiki, na Heattech ya maduka ya nguo ya Uniqlo ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi kwenye miji mikubwa ya Ulaya. Fulana moja huwa kati ya euro 15 na 25. Ni nyembamba kiasi kwamba shati la kawaida linapita juu yake, lakini baada ya siku moja ya jasho inataka kufuliwa. Inakauka usiku mmoja juu ya hita ya hotelini. Pamba iko mwisho wa orodha hii.

Kwa dada anayevaa baibui, hapa ndipo mahali pa kuweka pesa, maana suruali ya ndani ya merino haionekani kabisa na joto lake ni la uhakika. Pindo la baibui lipandishwe mpaka juu ya kifundo. Likiburuza kwenye tope la theluji, kitambaa kinanyonya maji mpaka magotini na kubaki hivyo siku nzima. Hijabu ya jezi inakinga masikio vizuri kuliko shifoni, na kofia ya sufu inakaa juu yake bila kuteleza.

3. Jaketi

Sasa koti. Kwa Berlin naweka mbele jaketi la manyoya ya bata lenye kofia yake, refu la kufunika makalio, na kitambaa cha nje ambacho tone la maji hubiringika juu yake badala ya kuzama. Ni jepesi, na linakunjwa likawa dogo kwenye begi. Udhaifu wake ni maji: manyoya yakilowa hugandamana, na joto linaondoka.

La pili, lililo karibu sana na la kwanza, ni jaketi lililojazwa nyuzi za sintetiki. Lina uzito zaidi, lakini hata likilowa bado linakupa joto, na linafuliwa kwa mashine bila wasiwasi. Kwa London, ambako mvua ni nyingi kuliko barafu, hili ndilo ningeliweka namba moja. La tatu ni koti refu la sufu, zuri kwa mtu wa mikutano na chakula cha jioni, mradi ndani yake avae flisi nyembamba (nguo ya sintetiki yenye manyoya laini) au sweta. Jaketi la ngozi na la jinzi si nguo za baridi hii, hata yakiwa na manyoya kwenye kola.

Kwa jaketi, mitumba ni mahali pazuri pa kuanzia. Nguo zinazokuja kwenye mabelo hutoka kwenye nchi hizo hizo za baridi, na wateja wa makoti mazito hapa Dar ni wachache, hivyo bei inazungumzika. Karume, Memorial ya Moshi, Gikomba na Toi za Nairobi zote zina makoti hayo. Soma lebo: ikisema manyoya laini asilimia 80 au 90 na yaliyobaki ni ya mbawa, umepata kitu. Kisha pitisha vidole kila kisanduku cha mshono, hasa mabegani, ambako manyoya hutangulia kuisha. Ukikuta mabonge, au kisanduku kitupu, liache. Linuse kwapani na ndani ya kofia. Harufu ya uvundo maana yake lilihifadhiwa likiwa limelowa. Vuta zipu juu na chini mara kadhaa, kwa sababu zipu ikikatika koti zima limekwisha kazi.

Aliye Moshi au Arusha ana njia nyingine. Maduka yanayohudumia wapandaji wa Kilimanjaro hukodisha majaketi ya manyoya, na jaketi linalomfikisha mtu mita 5,895 usiku wa manane halitashindwa na Berlin. Elezana nao kuhusu kulikodisha kwa wiki mbili badala ya siku saba za mlima.

4. Kofia, glavu, skafu

Ni vitu vya bei ndogo, na ndivyo vinavyosahaulika. Kofia ifunike masikio. Kama nywele zimesukwa, tafuta yenye bitana laini ya satini ndani ili sufu isizikaushe. Skafu iwe ndefu ya kuzunguka mara mbili. Glavu ziwe na ncha zinazogusa skrini, maana tiketi ya treni iko kwenye simu, na betri ya simu hushuka haraka kwenye baridi. Simu ikae mfuko wa ndani wa jaketi.

Sweta chukua mbili nyepesi, na hizi ni za mitumba bila kusita. Suruali ya jinzi uliyonayo inatosha ukivaa ile ya ndani.

Ongeza mafuta ya mgando kwa midomo na mikono. Mafuta ya nazi yatafaa pia, ila huganda yakiwa chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo yaweke kwenye kopo la mdomo mpana badala ya chupa.

Kununua nyumbani au kule?

Ondoka na viatu, seti moja ya nguo za ndani na jaketi. Mengine nunua kule. Mwezi wa Januari ni wa punguzo: Ufaransa, punguzo rasmi la baridi kwa kawaida huanza Jumatano ya pili ya mwezi na kudumu wiki nne, na Uingereza huanza mara baada ya Krismasi. Berlin pia kuna mitumba ya kwao, na duka la Humana la Frankfurter Tor lina ghorofa kadhaa za nguo. Lakini Ujerumani maduka mengi hufungwa Jumapili. Ukitua Jumamosi usiku bila viatu vya maana, utasubiri mpaka Jumatatu.

Siku ya safari vaa buti na ushike jaketi mkononi hata kama Dar kuna joto la nyuzi 32. Emirates na Qatar Airways huruhusu kilo 7 tu za mzigo wa mkononi daraja la kawaida, na buti pekee zinaweza kula kilo moja na nusu.

Orodha hii ni ya Berlin, na Warsaw na Vienna hazitofautiani nayo sana. Paris na London, ambako mchana hufika nyuzi 7 au 8, suruali ya ndani unaweza kuiacha siku nyingi, lakini mwavuli na kiatu kisichopitisha maji vibaki. Roma na Lisbon, jaketi jepesi na sweta moja vinatosha. Ukielekea Helsinki au Stockholm, jaketi lifike magotini, glavu ziwe zile ambazo vidole vinne hukaa pamoja, na soksi ziongezwe jozi mbili.